Nne, Tano, Saba

Ndunge akilala, nyumba nzima ilijua.
Miaka miwili mkoromo wake ulitupimia usiku,
msumeno mdogo kwenye ubao usiokatika,
kisha kimya, pumzi imekwama mlangoni,
kisha anaivuta hewa kama mtu aliyeibuka majini.
Mama yake alilala kwa vipandevipande.
Mimi nilisema, "Ni mafua tu. Ni baridi ya Komarock."
Nilisema hivyo kwa sababu ya bei.

Daktari alimmulika kooni,
akaniita nami nichungulie:
mafindofindo mawili, mekundu, yamevimba,
yamebanana kama wapangaji wanaogombea ujia.

Chama kikatupa zamu yetu mapema.
Shangazi Syombua akauza cherehani yake ya pili,
akadai eti ilikuwa inamchosha macho.

Asubuhi ile Ndunge alikuwa hajala tangu saa tatu ya usiku.
Kaka yake Musau alikula mkate wake chooni,
bomba limefunguliwa,
asisikike akitafuna.

Fomu. Kalamu iliyofungwa kwa uzi mezani.
Nimewahi kutia sahihi mikopo, mikataba ya nyumba,
na mkono haukuniuliza kamwe, "Una hakika?"

"Hesabu hadi kumi," akamwambia daktari wa nusukaputi.
Sasa, Ndunge hana sita.
Ana miaka minne, na sita kwake ni shimo njiani,
huliruka bila kulitazama.
Moja, mbili, tatu,
nne,
tano,
shingo ikalegea mkononi mwangu,
nikatolewa nje nimeshika soksi yake moja.

Mama yake alikuwa akisokota pindo la leso na kulisokotoa.
Saa ya ukutani ilikuwa mbovu.
Niliitazama hivyo hivyo.

Alirudi na damu kavu ukingoni mwa mdomo,
akanitazama
kama mtu aliyenikopesha pesa.

Nyanya yake akafika kutoka Kibwezi na lawama zake:
"Koo hukatwa la kuku, si la mtoto!"
Lakini ni yeye aliyekesha na kikombe cha uji uliopoa,
kijiko kimoja kwa kitendawili kimoja.
"Kitendawili!"
Ndunge, kwa kuwa "tega" ilimuuma, aliinua kidole.
Akifungua kinywa kujibu, kijiko kilikuwa kimeshaingia.

Ilikuwa Julai, ile ya ukungu na masweta mawili.
Tokeni za umeme zikaisha, friji ikanyamaza,
Musau akazikimbiza barafu dukani kwa Abdirizak,
zikalala kwenye friza, katikati ya maziwa na samaki.
Kila jioni alimletea dada yake kipande,
naye akanyonya chake, kofia kichwani,
meno yakigongana.
Nilipomkataza alisema, "Asinyonye peke yake."

Siku ya sita, uzi wa damu kwenye mto.
Mwembamba tu. Sista Chepngeno kwenye simu:
"Mlete. Usingoje kukuche."
Jirani akatoka na pajama kuwasha gari.
Tulipofika damu ilikuwa imekata,
wakamlaza hadi asubuhi wakimtazama,
sisi tukiwatazama wao.

Siku ya kumi niliamshwa saa nane ya usiku
na kitu nisichokijua.
Kilikuwa ni kimya.
Hakuna msumeno. Hakuna ubao.
Nikatambaa hadi kitandani mwao, nikapita juu ya miguu ya Nyanya,
nikaweka kiganja kwenye kifua kile cha ukubwa wa sahani ya chai,
nikaanza kuhesabu kwa kunong'ona, maana sikuiamini pumzi
inayopanda na kushuka bila kupiga kelele.
Moja. Mbili. Tatu.
Nne.
Tano.
Saba.

Gizani, sauti mpya, nyembamba,
haina kamasi, haina haraka:
"Baba,
umeruka sita."