Kamba ya Nguo, Kihesa

Aliifunga marehemu, waya wa simu wa zamani,
toka mparachichi hadi nguzo ya choo.
Ilibeba nguo nilizozijua: kanga zangu,
kaptula za shule, blanketi lake
lenye tundu la sigara.

Chuo kikapanda kilima.
Nikaongeza vyumba vitatu vya tofali za kuchoma,
na kamba ikaanza kusema lugha nyingine.

Mabaibui manne ya Sharifa, wa Micheweni,
anafua Jumamosi, yanakauka Jumanne.
Baridi hii, bibi, huwa mnaizoea?
Hatuizoei, mwanangu. Tunaivalia sweta.
Jinzi za Rweyongeza; akikaanga senene wa kwao
kuku wangu wote hukusanyika mlangoni.
Wa chumba cha tano simtaji,
anadaiwa kodi ya miezi miwili
na shati lake jeupe linapepea kama la mbunge.

Jirani yangu Semgovano analalamika:
"Mji umeingiliwa. Kihehe utakisikia wapi?
Hata ulanzi wanaunusa tu, wanacheka."
Anayasema hayo akiwa juu ya stuli,
anagongelea ubao: VYUMBA VIPO.
Nikamshikia misumari.

Mjukuu wangu yuko Mwanza, anasomea udongo.
Kana kwamba huku hatuna udongo.
Hupiga simu Jumapili: "Shikamoo, bibi."
Namuuliza, kamwene imepotelea wapi?
Anacheka. Ananieleza habari za sato,
za mama mwenye nyumba anayemwanulia nguo
mvua ya ziwani ikishuka ghafla.
Sijamwona mama huyo. Namwombea.

Na asubuhi, ukungu haujaondoka bondeni,
Kabula, wa Maswa, mswaki mdomoni,
beseni kiunoni:
"Kamwene, bibi!"
Anakandamiza pale sisi tunaponyanyua.
Neno linatua chini kama gunia la pamba.
Nimewahi kulirekebisha mara mbili.
Sasa naitikia tu, kamwene,
na juzi dukani nimejisikia
nikilitamka kama yeye.

Julai wakifunga, wanaondoka na mabegi,
wananiachia sufuria, kandambili ya mguu mmoja,
tasbihi kwenye msumari.
Kamba inabaki tupu, ila haipandi tena
ilipokuwa. Imelegea katikati,
inakaribia kugusa mboga zangu.

Ningeweza kuikaza. Nimeshika koleo, nikaitazama.
Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakata mlanzi mrefu
ambao zamani tungeugema,
nikaitegemeza.