Sabuni ya Sato

Neno la kwanza nililosoma maishani nililisoma kinyume:
OTAS.
Lilichongwa kwenye muhuri wa shaba wa baba,
na juu yake samaki anayetazama kulia,
ili akigongwa kwenye sabuni atazame kushoto,
"kuelekea ziwani," baba alisema,
ingawa ilitegemea umeulaza mche upande gani.

Lugembe, mgonga muhuri, kiwandani Igogo,
mtu wa mwisho kabla ya katoni.
Miche elfu mbili kwa zamu.
Alirudi nyumbani bega la kulia limeshuka
nasi tukamfuata uani: bega la Sato, bega la Sato,
hadi mama alipoturushia kandambili.

Nisiseme uongo. Haikuwa sabuni nzuri.
Iliwasha macho. Ilikula rangi ya kitenge
kuanzia pindoni, kama mchwa.
Ukiisahau majini inalegea kama uji wa mgonjwa,
ukiianika inapasuka kama kisigino cha mkulima wa pamba.
Lakini wanawake wa mwalo wa Kirumba,
mikono imejaa magamba tangu alfajiri,
hawakutaka nyingine.
"Samaki humtoa samaki," alisema Mama Nyanzala,
akajisugua hadi viwikoni, akanukia mchaichai
na kitu kingine kidogo, mafuta ya mbegu za pamba,
harufu ambayo leo nikikutana nayo popote
nitageuka, hata kwenye foleni ya benki.

Dukani kwa Jamnadas, Mlango Mmoja, tulinunua robo mche.
Alikata kwa waya wa gitaa,
na kila mtoto aliomba kipande chenye kichwa.
Mkia ulikuwa mkosi.
Tumbo, lenye A au T peke yake,
lilikuwa la waliochelewa.

Kisha mwaka mmoja mashine ikasubiri kipuri.
Kipuri kikasubiri barua. Barua ikasubiri saini.
Sabuni za ng'ambo hazikumsubiri mtu,
zilishuka kwenye treni zimevaa karatasi za kung'aa
zenye picha za wanawake ambao hawajawahi kufua.

Sasa ni ghala la magodoro.
Nilipita juzi. Mlinzi, kijana mdogo, akaniuliza natafuta nini.
Nikamwambia: harufu.
Akanielekeza choo cha kulipia, ng'ambo ya reli.

Baba hakuondoka na kiinua mgongo. Aliondoka na muhuri,
ndani ya soksi.
Miaka yote ulikaa juu ya redio,
na siku akiwa amenuna alichukua sabuni yoyote ya dukani,
akailowesha kidogo, akaigonga: SATO.
"Povu inatoa," alisema,
"ila haijui inaitwa nani."

Siku alipofariki, shangazi Nkwimba akafungua sanduku la bati,
na chini ya mashuka akatoa mche mzima,
manjano iliyogeuka kahawia, mgumu kama mfupa.
Sikujua kama ulikuwepo.
Nikamshika mkono: usiutoe, shangazi, ndio wa mwisho,
hakuna mwingine Mwanza, hakuna mwingine popote.
Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto mwenye homa.
"Kaka yangu alikuwa akisemaje?
Sabuni isiyokwisha ni jiwe."
Akaupitisha nyuma ya pazia, kwa wanaume waliokuwa wakimwosha.

Sikumwona samaki akifutika.
Nilisikia maji tu, na beseni likisogezwa,
na mtu akiuliza kwa sauti ya chini kama kuna maji ya moto zaidi.
Halafu harufu ikatokea dirishani,
ikashuka hadi kwenye mikeka uani
walipokaa akina mama wa mwalo, wazee sasa,
viwiko vyao vimekonda.

Wakanyamaza wote.
Mmoja wao, sikuona ni nani,
akacheka.