Utepe

Mkono wa Dhaani una bangili nyeupe
toka kifundo hadi begani,
hakuna pa kupenyeza kidole.
Mkono wa Bhuro, mwanawe, mwaka na miezi miwili,
ni mfupa na ngozi iliyozidi,
kama shati la kaka
alilorithishwa kabla ya wakati.

Nazungusha utepe. Nyekundu.
Kumi nukta tisa.
Nabonyeza unyayo kwa dole gumba, nahesabu, naachia:
shimo halibaki.
Tuna pa kuanzia.

Mwaka juzi, chumba hiki, benchi hili,
nilimpima dada yake.
Nikafanya nilichofunzwa. Nikaandika barua,
nikagonga muhuri: aende Mithi, hospitali kubwa.
Dhaani akaikunja mara nne
akaifunga kwenye ncha ya ushungi.

Lori la magurudumu sita hupita Jumatatu na Ijumaa.
Nauli, thamani ya mbuzi.
Nyumbani watoto watatu, kisima cha pima thelathini,
na mume yuko Karachi, anabeba saruji.

Barua niliiona tena baada ya mazishi,
muhuri wangu umefifia kwa jasho.
Daftarini kukaandikwa: *mama hakufuata ushauri.*
Mwandiko ni wangu.

Mwaka huu sanduku limekuja lenyewe,
limeshuka kwenye lori lile lile,
likaingia kabatini ubavuni mwa glavu za uzazi.
Hakuna mheshimiwa aliyekuja kukata utepe.
Utepe wa hapa hukatwi, hufunga mkono.

Basi asubuhi moja, foleni moja:
huyu sindano ya surua,
huyu kikohozi, huyu mimba ya miezi saba,
na Bhuro, pakiti ya siagi ya karanga,
nakata pembe kwa meno kwa sababu mkasi umepotea.

Ananusa. Anageuza uso.
Mama anachovya kidole, anampaka mdomoni.
Mbuzi mlangoni naye ananyoosha shingo.
Sote tunangoja, hata mwenye mimba,
mpaka ulimi ule mdogo
utoke, ujaribu, urudi ndani,
utoke tena.

Sitaki kusema uongo. Wiki ya nne
zilibaki pakiti tisa kwa watoto sita,
na Mithi hawakupokea simu.
Nilizigawa nikitazama ukuta.
Wiki ya tano lori lilileta; ya sita halikuleta.
Njia ya mchanga haisomi ratiba.

Leo ni wiki ya kumi na moja.
Dhaani amekuja kwa miguu, amechota maji kwanza,
atarudi kabla jua halijawa kali.
Nazungusha utepe. Kumi na mbili nukta sita.
Nataka kumwonyesha mama ile kijani,
lakini Bhuro ameukamata utepe kwa ngumi,
ameutia mdomoni,
na meno yake manne
hayataki kuuachia.

Daftari lina safu ya uzito, ya urefu, ya mkono.
Pembeni, pasipo na safu, nimeandika:
*ameng'ata.*