Nyuma ya Kwale

Shangazi Syokau alinunua bunduki siku ya mshahara,
Jumamosi moja ya sabini na nne, Barabara ya Biashara,
akiwa bado na viatu vyeupe vya wodi ya Pumwani
na zamu ya usiku ikimning'inia kopeni.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kazi yangu kubeba.

Sungura walikuwa wamemaliza kunde zake kule Njiru.
Kwale nao hufukua mbegu kabla hazijaota,
kisha huenda zao wakicheka.
Kwale hucheka. Muulize mkulima yeyote.

Bwana Hasmukh alitandika kitambaa cha kijani
akaanza na kubwa. Wenye maduka huanza na kubwa.
"Hii, dada, inaangusha pofu."
"Pofu amekula kunde za nani?"
Akairudisha.

Ya pili ilikuwa nyepesi, inajipakia yenyewe,
risasi kumi tumboni,
darubini juu kama kofia ya bwana harusi.
"Ukikosa ya kwanza, unayo ya pili. Ukikosa ya pili..."
"Nikikosa ya kwanza, sungura yuko Thika."

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Akamweleza kama anayemfunza mwanagenzi wodini:
sindano ya ng'ombe humdungi nayo kichanga.
Kuna mshipa, na kuna sindano ya mshipa huo.
Sungura ni ratili nne na masikio;
ukimpiga kwa radi, jioni utapika nini, manyoya?

Ndipo ya tatu ikatoka, rafu ya chini, bila kusifiwa.
Nukta mbili mbili.
Kitako chake kilikuwa na mikwaruzo ya mtu
aliyeuza kila kitu akapanda ndege.
Komeo moja, risasi moja: fungua, lisha, funga.
Na risasi zenyewe, vipande vya penseli,
za aina inayogongwa ukingoni, si kitovuni,
hamsini kwa kisanduku,
nazo bei yake haikumtoa mtu jasho.

Aliiweka bega la kushoto, maana la kulia
liliteguka akimvuta mtoto aliyetanguliza miguu.
Akavuta komeo polepole, sikio karibu,
vile asikilizavyo mapigo ndani ya tumbo la mtu.
Nami nilipotaka kuifyatua tupu, nisikie tu mlio,
rula ya Bwana Hasmukh ilitua kidoleni:
"Hii huifyatui tupu! Pini inajiuma!"

Kwenye kisanduku mlikuwa na onyo, herufi za sisimizi.
Alinisomesha palepale, mbele ya wateja:
hatari hadi maili moja.
"Kitu kidogo hivi?"
"Kidogo hakichoki haraka. Kwa hiyo
kabla hujamtazama kwale,
tazama nyuma ya kwale."

Jioni ya kwanza tulilala kifudifudi kwenye tuta la viazi.
Kwale akatoka. Akasimama, kifua wazi,
kama aliyekuja kupigwa picha.
Sikupumua.
Shangazi akashusha mtutu.
Mbali kule, nyuma ya ndege, mwanamke alikuwa akianua nguo,
kanga moja nyekundu ikimgomea mkononi.
Tulikula sukuma.

Sungura aliwapata, siku nyingine. Tisa. Nimewahesabu.
Kisha sabini na saba redio ikasema uwindaji basi,
akaipaka mafuta, akaipeleka kituoni mwenyewe,
akadai risiti, akamrudisha karani aandike jina lake vizuri:
Syokau, si Sokau.

Risiti ninayo mimi.
Juzi nilipita Njiru kwa shughuli za hati ya ardhi,
nikasimama palipokuwa tuta, nadhani ni pale;
mlinzi akaniuliza namtafuta nani.
Ghorofa saba. Balkoni juu ya balkoni,
nguo zimeanikwa mpaka mawinguni.

Kidole changu kilikuwa kimejikunja chenyewe.
Nikakinyoosha.
Nikamwambia mlinzi, hakuna mtu.
Kisha nikaona nimesema uongo,
nikaanza kuwahesabu.