Njia ya Kurudi

Bwera, saa tano usiku, nyuma ya maabara.
Jenereta ya Thembo inakohoa dizeli.
Mimi na ruta moja, na waya wa buluu
ambao panya ameuonja upande mmoja.

Naandika kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu:
ukitaka Kasese, pitia mnara wa Kinyamaseke.
Njia hii haijifunzi, haiulizi majirani habari.
Nilichoiambia ndicho inachoshika;
mnara ukianguka kesho
itaendelea kutupa barua mtoni.

Natuma salamu. Kimya.
Natuma nne. Nne zimepotea.
Nakagua anwani, namlaumu panya,
namlaumu Thembo, aliyelala.

Kabugho anapiga simu kutoka Kasese:
"Salamu zako zimefika zote, zimejaa mlangoni.
Ila huku hakuna aliyeandika
njia ya kuja kwako."

Kila mwezi namtumia mama pesa Bundibugyo,
na kila mwezi nanung'unika: hata asante?
Simu yake sijawahi kuitia salio.

Kabugho anaongeza mstari mmoja tu.
Jibu linarudi: milisekunde arobaini na moja.
Vipimo vya damu vya mtoto wa kitanda cha sita
vinaondoka, navisindikiza kwa macho
kana kwamba vinaonekana.

Nahifadhi haraka,
maana umeme ukikatika kabla, ruta husahau yote.
Naifunika kwa kitambaa, vumbi lisiingie.
Halafu, kabla sijamwamsha Thembo,
namnunulia mama salio la elfu mbili.