Mbawakawa wa Darasa la Nne

Mwalimu Cadotte katuletea kikopo:
mbawakawa kumi, wadogo kama punje za mchele.
"Wana njaa," akasema. "Msiwape kingine."

Tukawafungia chandaruani
na lile ua la zambarau
ambalo bibi yake Waylon alilipenda mezani
kabla halijameza kinamasi
na mpunga-mwitu wetu, manoomin.

Kila asubuhi tulihesabu matundu majanini.
Delphine alilia. Ua lake lilikuwa zuri.

Shule ikafungwa. Julai tukarudi hata hivyo,
wote isipokuwa Waylon,
tukavua viatu,
tukaingia na vyungu vyetu hadi magoti yakazama matopeni.
Sasa walikuwa mamia.

Tukafungua.
Hawakuruka.

Mmoja alipanda kidole changu,
akafika kwenye ukucha, akageuka,
akarudi kula.