Mbono Umeingia Katikati

Mbono ulikaa mpakani tangu mama mkwe akiwa msichana.
Mbuzi hawaugusi. Ng'ombe huupita kama mdaiwa anavyolipita duka.
Ulitenga shamba letu na la akina Msuya,
ulizunguka kaburi la baba mkwe,
na hakuna aliyewahi kuuliza unazaa nini.

Kisha akaja kijana wa mradi, viatu vyake vikiogopa tope la Chekereni,
akaivunja mbegu moja kwa koleo,
akatuonyesha mafuta yanavyong'aa kwenye karatasi.
"Mama Ndelilio, hii ni dizeli inayoota."
Nilikuwa na mashine ya kusaga, kaniachia marehemu,
na dizeli ya Moshi mjini ilikuwa imepanda
hadi nikawa nasaga kwa hasara huku nikichekeana na wateja.
Nilimwamini. Siwezi kusema sikumwamini.

Tukapanda.
Lugha yetu ina mzaha wake: kupanda na kupanda.
Tulipanda mbono, debe la mahindi likapanda.
Mwanzo ekari moja, ile ya kokoto,
halafu ile ya kando ya mfereji,
halafu Msuya naye, halafu wote wa ng'ambo ya reli,
mpaka mbono ukaingia katikati
na mahindi yakasimama pembeni
kama mgeni aliyekosa kiti.

Nisiseme uongo: mashine ilinguruma.
Moshi wake ulinukia karanga zinazokaangwa.
Watoto walikuja kunusa, wakimeza mate,
nami nikawafukuza, maana mbegu zile ni sumu
na njaa haisomi kibao.

Ilinguruma, lakini ikisaga nini?
Foleni iliyokuwa ikifika kwa fundi baiskeli
ikaishia mlangoni.
Pale Mbuyuni debe lilitoka elfu nane, likafika elfu kumi na saba.
Aikaruwa akaacha kuuza makande.
Nikabaki na tangi lililojaa na kinu kitupu,
kama mtu aliyenunua kijiko akasahau uji.

Baada ya ibada wanaume walibishana nje ya kanisa.
Mmoja: ni ukame. Mwingine: ni malori yanayovuka Namanga usiku.
Mwingine: hata dizeli ikishuka, unga haushuki nayo.
Kila mmoja alikuwa na ukweli, kiasi cha kijiko.
Mimi nilikuwa na daftari.
Machi: madebe mia mbili na kumi.
Machi iliyofuata: sitini na manne,
na kumi kati ya hayo ni ya mkopo.

Msimu huu nimeung'oa. Si wote.
Nimeurudisha ulikotoka, mpakani na kaburini.
Ua peke yake hunipa madumu mawili,
yanatosha Jumanne na Jumamosi.
Siku nyingine nanunua dizeli, naguna, nalipa.
Msuya hajang'oa. Ana karo ya chuo,
na kampuni hulipa taslimu, palepale kwenye mzani.
Simlaumu.
Simsalimii sana, pia.

Jana, Jumanne, alikuja binti wa Aikaruwa
na kisado kimoja, hakijafika ukingoni.
Kila msagaji anajua: mashine iliyopoa
hula kwanza, hubakiza konzi mbili tatu katika meno yake
kabla haijaanza kutoa.
Hata yeye alijua. Aliukumbatia ule mzigo,
akautazama mdomo wa mashine
kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani.

Nikawasha. Moshi ukatoka, ule wa karanga.
Nikachota mahindi yangu mwenyewe, yale ya katikati,
nikayatanguliza,
ili ishibie kwangu.

Kisha nikamwambia: haya, mimina.